Daftari la Wakili wa Lindi

Katika miji ya pwani ya kusini ya Tanzania, pato la kila mtu hujulikana na jirani yake. Mvuvi wa Kilwa Kivinje hawezi kuficha alichopata, maana samaki wake hunadiwa mchana mbele ya macho ya watu. Mkulima wa korosho hana siri, kwa sababu bei ya mnada husomwa kwa sauti mbele ya wanachama wa chama cha ushirika. Mwalimu na mganga hulipwa na Serikali kwa ngazi zijulikanazo, na hata mwuza maji akiulizwa faida yake huitaja. Wakili peke yake ndiye ambaye pato lake halijulikani; na kwa kuwa halijulikani, hudhaniwa kuwa kubwa. Koti lake jeusi huonekana na watu wote. Deni lake huonekana na mwenye nyumba tu.

Yuko wakili mmoja katika mji wa Lindi, mzaliwa wa Kivinje, ambaye tangu mwaka 2018 aliandika mapato na matumizi yake katika daftari la kurasa ndefu, kama lile litumiwalo na wenye maduka. Hapo mwanzo aliliandika kwa ajili ya mtoza kodi. Baadaye aliliandika kwa ajili ya nafsi yake, kwa kuwa alitaka kujua kwa hakika kama mtu anaweza kuishi kwa sheria katika nchi ile, au kama alikuwa akijidanganya mwenyewe na kumdanganya mama yake pamoja naye.

Ukurasa wa mwezi wa Machi 2025 unatosha kuwa mfano. Upande wa mapato yameandikwa haya: viapo na kuthibitisha hati, shilingi 186,000, hati mbili za mauziano ya viwanja, 300,000, barua za madai, 150,000, malipo ya sehemu kwa shauri moja, 400,000. Jumla ni shilingi 1,036,000, na mtu asomaye upande huo tu angeweza kumwonea wivu. Upande wa pili yameandikwa haya: pango la ofisi, 120,000, pango la nyumba, 150,000, mshahara wa karani, 250,000, umeme na mtandao, 95,000, safari mbili za Mtwara, nauli na malazi, 180,000, karatasi na wino, 60,000, akiba ya cheti cha mwaka ujao, 50,000. Jumla 905,000. Kilichobaki kilikuwa shilingi 131,000, nacho kilipaswa kumlisha, kumvika, kumtunza mama yake, na kuingojea kodi ya mapato. Karani wake, binti aliyemaliza kidato cha nne, alipokea karibu mara mbili ya kile kilichombakia bwana wake, na alikipokea kila mwisho wa mwezi pasi na kusubiri hukumu ya mtu yeyote.

Miezi miwili baadaye, sikukuu ya wafanyakazi, Rais alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa Serikali kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai. Karani aliuliza kama tangazo lile lilimhusu. Wakili alimweleza kuwa halikumhusu, maana yeye si mtumishi wa Serikali. Hakumweleza kuwa halikumhusu yeye wakili pia.

Wakili si mgeni wa jana duniani, lakini katika pwani hii ni mgeni, ingawa sheria si ngeni. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa Kiislamu ulio na sultani mkarimu na wanavyuoni waliotoka mbali. Katika miji ya namna ile, watu wenye ugomvi walisimama wenyewe mbele ya kadhi na kusema waliyonayo. Mjerumani alipokuja alileta mahakama yake na kamba yake; Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895, na jina la Mwembe Kinyonga limebaki mpaka leo kuwakumbusha watu jinsi hukumu ya mgeni ilivyoweza kwenda mbio. Mwingereza alileta mawakili, lakini mahakama za wenyeji hakuwafungulia milango. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mawakili Waafrika wa Tanganyika waliweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Ndiyo sababu kitivo cha kwanza cha chuo kikuu kilichofunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka ule kilikuwa cha sheria, na wanafunzi wake wa kwanza hawakuzidi 15.

Leo namba za daftari la mawakili wa Tanzania Bara zimepita elfu kumi. Wengi wao wako Dar es Salaam. Mkoa wa Lindi, uliohesabiwa kuwa na watu 1,194,028 mwaka 2022, una nchi kubwa kuliko mataifa kadhaa ya dunia, lakini mtu wa Liwale anayetaka wakili bado huanza kwa kuuliza nauli. Mtu aweza kudhani kuwa uchache wa mawakili huongeza ujira wao, kama uchache wa samaki uongezavyo bei ya samaki. Haikuwa hivyo. Samaki hununuliwa kila siku na kila nyumba. Wakili hununuliwa mara moja katika maisha, na mnunuzi hufika kwake akiwa amekwisha tumia fedha zake zote kwa kujaribu kumwepuka.

Tena kwa muda mrefu sheria yenyewe ilimfungia wakili mlango wa kazi iliyo nyingi. Sheria ya mwaka 1963 ilipoanzisha Mahakama za Mwanzo ilimkataza wakili kusimama humo, na sheria ya mwaka 1984 ikaliendeleza katazo hilo. Nia ilikuwa njema. Haikutakiwa maskini ashindwe na ulimi ulionunuliwa. Lakini pwani ya Lindi ni nchi ya mirathi, ndoa, talaka na madeni madogo, na mashauri ya namna hiyo yalianza na kuishia katika mahakama zile. Hivyo ulimi ulionunuliwa ulikatazwa kuingia kwa mlango wa mbele, ukaingia kwa nyuma: vishoka, yaani watu wajifanyao wanasheria bila ya kuwa na cheti, waliketi chini ya mwembe nje ya mahakama wakiwaandikia wajane karatasi zisizo na maana kwa shilingi elfu kumi. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, mawakili wakaruhusiwa kuingia katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Vishoka hawakuondoka. Kivuli cha mwembe hakina pango.

Mwaka ule wa 2021 ulileta badiliko jingine ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanastahili kulikumbuka. Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo mjane wa Kilwa alilipa ili madai yake mwenyewe yaandikwe kwa lugha asiyoielewa, akalipa tena ili aelezwe kilichoandikwa. Wakili wa Lindi alipoteza kwa badiliko hilo pato dogo la kufasiri hukumu, akalifuta daftarini kwa mstari mmoja. Ni hasara pekee katika daftari lote ambayo mtu anaweza kuisoma kwa furaha.

Viwango vya malipo ya mawakili vimewekwa na sheria. Amri ya mwaka 2015, Tangazo la Serikali namba 264, inataja kazi na thamani zake: kwa kazi nyingine malipo hufuata thamani ya mali inayogombaniwa, kwa nyingine hutajwa kiasi. Ni amri iliyopangwa vizuri, na mtu akiisoma mjini Dar es Salaam ataona haki ndani yake. Ila kila kiwango kina mtu wake nyuma yake, na aliyefikiriwa katika viwango vile ni mteja mwenye akaunti, mwenye mshahara au biashara, ambaye akipewa hati ya madai ya fedha anajua mahali pa kuzitoa. Mteja wa Lindi ana fedha miezi mitatu au minne katika mwaka. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa mwaka unaofuata. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, baada ya masika. Katika miezi hiyo watu hununua bati, huoza binti zao, hulipa madeni, na ikiwa kitu kimesalia humkumbuka wakili. Miezi mingine humkumbuka vile vile, lakini kwa maneno.

Wakili huyu alijifunza jambo hilo katika mwaka wake wa kwanza. Alifungua ofisi katikati ya mwaka 2018 kwa fedha za mkopo, naye alikuwa amepiga hesabu kama wapigavyo wakulima: msimu wa korosho ungefika, wateja wangelipa, na mkopo ungekwisha. Msimu uliotangulia korosho ilikuwa imefikia bei nzuri sana, watu wakajenga. Msimu wa 2018 wanunuzi walitaja bei ya chini na wakulima wakakataa kuuza. Mwezi wa Novemba Rais Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Bei ilikuwa nzuri kuliko ile iliyokataliwa. Fedha zake ndizo zilizochelewa. Wakulima wengi walingoja mpaka mwaka uliofuata. Katika daftari, kurasa za Desemba 2018 hadi Machi 2019 zina safu ya tatu ambayo haikuwako hapo mwanzo. Imeandikwa juu yake kwa wino mwekundu: Yasiyolipwa. Safu hiyo haikuondoka tena.

Watu wa Dar es Salaam husema kuwa maisha ya Lindi ni rahisi. Rafiki yake mmoja, aliyesoma naye na ambaye sasa ameajiriwa na kampuni ya mawakili katika jiji lile, humwandikia maneno hayo kila mwaka mpya. Ni kweli kwa nusu. Kinachoota au kuvuliwa karibu ni rahisi: muhogo, nazi, ming'oko wakati wake, pweza maji yanapokupwa, dagaa bamvua linapopita. Mtu ambaye mahitaji yake yote yanatoka ardhini na baharini anaweza kuishi Kivinje kwa fedha ambazo mjini hazimtoshi kula mchana. Wakili hawezi kuwa mtu huyo. Vitabu vyake, wino wake, kompyuta yake, kitambaa cha koti lake na cheti chake cha kila mwaka havioti Lindi. Hivyo vyote huja kwa barabara, na bei yake ni ya Dar es Salaam ikiwa imeongezewa kilometa mia nne na zaidi.

Barabara hiyo ina historia inayomgusa kila mlaji wa sukari. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika abiria walilala njiani, si usiku mmoja. Wazee wa Lindi hupima utajiri wa zamani kwa kujua nani alikuwa na chumvi na mafuta ya taa ya kutosha kuipita mvua. Lami ilipokamilika watu walidhani mambo hayo yamekwisha. Mwezi wa Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara katika wilaya ya Kilwa. Malori yalisimama, wengine wakazunguka kwa njia ya Songea, na katika muda wa siku chache bei za dukani zikakumbusha kila mtu kuwa Lindi ingali inakaa mwisho wa uzi mmoja. Daftari linaonyesha mwezi ule kuwa wino na karatasi viligharimu karibu mara mbili. Viwango vya malipo ya wakili havikupanda.

Juu ya hayo iko Mtwara. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini katika siku za Mwingereza. Ulipokuja ule mpango wa karanga wa mwaka 1947, uliokufa mwaka 1951 ukiwa umeacha matrekta mabovu Nachingwea, bandari mpya ilijengwa Mtwara kwa ajili yake, na katika miaka ya 1950 ukubwa wa jimbo ukahamia huko. Karanga hazikuota, ila ofisi ziliota. Lindi ilirudishiwa mkoa wake mwaka 1971, lakini kanda ya Mahakama Kuu ilikaa Mtwara, kilometa mia moja na kidogo kutoka Lindi, na zaidi ya 250 kutoka Kilwa Masoko. Kwa kipimo cha nauli kilichotangazwa Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilometa katika basi la kawaida, safari moja ya kwenda tu kutoka Kilwa hula zaidi ya shilingi elfu kumi na mbili. Tangu mwaka 2020 mashauri mengine husikilizwa kwa njia ya video, na jambo hilo limewafaa wengi. Hata hivyo kuna siku ambazo mtu hana budi kwenda na miguu yake; na mteja asiyekwenda hulala macho akidhani kuwa ameuzwa.

Safari mbili za Machi 2025 zilikuwa kwa ajili ya bibi mmoja wa wilaya ya Kilwa, mjane, mwenye shamba la mikorosho na minazi lililo karibu na bahari. Mumewe alipofariki hapakuwa na mtu aliyelitaka shamba lile. Mikorosho ilikuwa imezeeka. Kisha zikaja habari kuwa Serikali ingejenga bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Jiwe la msingi la bandari hiyo liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Septemba 2023, kwa kazi ya shilingi bilioni 266, lakini bei ya ardhi haikungoja jiwe. Tangu mwaka 2022 shemeji wa bibi alikuwa amekumbuka kuwa shamba lilikuwa la baba yao, wala si la kaka yake peke yake. Walikwenda Baraza la Kata. Baraza lilijaribu kuwapatanisha likashindwa, na kwa sheria mpya halikuwa na uwezo wa kuamua. Ndipo bibi alipopanda basi kwenda Lindi kumtafuta kijana wa Kivinje aliyesikia kuwa ni wakili.

Mazungumzo yao ya kwanza yalikumbukwa na karani neno kwa neno.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa wewe ni wa kwetu.”

“Ni wa kwenu, bibi. Karibu ukae.”

“Basi kama wewe ni wa kwetu, nitakuambia kweli. Fedha sina. Ninalo shamba. Ukinishindia, chukua robo yake, ile ya upande wa bahari. Mimi bahari sina kazi nayo.”

Robo ile, kwa bei za wakati ule, ilizidi mapato yote ya ofisi kwa miaka miwili. Lakini desturi ya kazi ya uwakili, iliyorithiwa kutoka Uingereza, humkataza wakili kununua au kupokea sehemu ya kitu kinachogombaniwa na mteja wake, kwa maana akiwa na fungu katika ugomvi, ushauri wake huwa ni wa mwenye fungu. Katazo hili ni la haki, na mtu aliyeshiba hulikubali upesi. Wakili alikaa kimya kwa muda ambao karani aliuona mrefu, kisha akamweleza bibi kuwa haiwezekani. Bibi aliona amedharauliwa. Kwa maarifa yake, mtu akataaye malipo huwa ameshalipwa na upande wa pili, na ilimlazimu wakili kusema zaidi ili asikosekane mteja pamoja na shamba. Walipatana shilingi 600,000, kulipwa kidogo kidogo kwa misimu. Bibi alitoa 100,000 ufuta ulipouzwa. Salio liliingia katika safu ya tatu.

Shauri lilisikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba, bibi akashinda mwaka 2023. Shemeji alikata rufaa Mahakama Kuu. Rufaa ilitupwa mwishoni mwa mwaka 2024, pamoja na gharama. Maneno hayo matatu ya mwisho, pamoja na gharama, ndiyo yaliyompa wakili usingizi mzuri kwa mara ya kwanza katika miezi mingi, kwa sababu maana yake ni kuwa aliyeshindwa atamrudishia mshindi fedha za kuendeshea shauri, na kutoka fedha hizo bibi angeweza kumlipa wakili wake bila ya kuuza hata mkorosho mmoja.

Wakili aliandika orodha ya gharama ikafika shilingi 1,900,000. Afisa wa Mahakama anayekadiria gharama aliisoma mstari kwa mstari, akikata hapa na pale, akaithibitisha kwa shilingi 1,140,000. Sheria inasema kuwa zaidi ya moja ya sita ya orodha ikikatwa, aliyeileta hapati gharama za kuileta. Moja ya sita ya orodha ile ni kama shilingi 316,000, na zilizokatwa zilikuwa 760,000. Hivyo safari mbili za Mtwara zilibaki juu ya mabega ya wakili. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Aliizidisha orodha kwa tamaa ya mtu mwenye njaa, na amri ya 2015 iliandikwa kwa ajili ya watu kama yeye hasa.

Hata hivyo shilingi 1,140,000 ni fedha. Shemeji hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mashua moja yenye mashine, nyavu, na watoto sita. Sheria humlinda fundi asinyang'anywe vyombo vya kazi yake kwa sababu ya deni. Kama mashua ya mvuvi ni chombo cha kazi au ni mali ya biashara, ni swali lenye kubishaniwa, na wakili alijua kuwa angeweza kulibishania akashinda. Aliandaa maombi ya kukamata mashua. Yalikuwa kurasa nne, yamechapwa vizuri. Ilibaki sahihi ya bibi.

Bibi alikuja Lindi mwezi wa Aprili, akasomewa kurasa zile nne kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mashua hii,” akasema, “ndiyo unayotaka kuuza?”

“Mahakama ndiyo itakayouza, bibi. Kwa mnada. Utapata haki yako, na mimi nitapata yangu.”

“Na wale watoto?”

Wakili hakujibu.

“Mjukuu wangu, shamba nimepata. Yule bwana kanikosea, naye kashindwa mbele ya watu. Sasa akipita kwangu huangalia chini. Mashua ikiuzwa, wale watoto watakuja kula kwangu. Tena ataacha kuangalia chini. Wewe nitakulipa. Korosho zikiuzwa nitakulipa.”

“Bibi, mikorosho yako imezeeka.”

“Najua imezeeka. Ni mimi niliyeipanda.”

Hakutia sahihi. Wakili aliziweka kurasa zile katika jalada, na usiku ule alimwandikia rafiki yake wa Dar es Salaam, ambaye kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akimwita aje kushika nafasi katika kampuni yao. Aliuliza mshahara, na akaupata kwa jibu la siku ya pili. Ulikuwa mshahara wa kuheshimika. Aliuandika katika kipande cha karatasi, kisha chini yake, kwa mazoea ya miaka saba, akaandika matumizi kama alivyoelezwa: pango la nyumba ya vyumba viwili, linalotakiwa kwa miezi sita kwa pamoja, nauli za kila siku au mafuta ya gari, chakula ambacho hakuna kijana wa kukileta kwa baiskeli kutoka pwani, fedha za kumpelekea mama, ambaye alikwisha sema kuwa hatoki Kivinje. Kilichobaki kilikuwa shilingi 212,000. Alikitazama kwa muda. Alisafiri miaka minne ya chuo kikuu na mwaka mmoja wa Shule ya Sheria, shule ile ile ambayo mwaka 2022 wanafunzi 26 tu kati ya 633 walifaulu mtihani moja kwa moja na Serikali ikaunda kamati ya kuuliza sababu. Na mwisho wa safari yote, tofauti ya kuondoka na kubaki ilikuwa shilingi 81,000 kwa mwezi.

Lakini hesabu ile haikuwa kamili, naye alijua. Huko Dar es Salaam zile 212,000 zingekuja kila mwezi, na hapa zile 131,000 zilikuja kama mvua. Mtu aweza kuvumilia uchache. Kutojua ndiko kunakomchosha. Rafiki alingoja jibu mpaka Juni, akampa nafasi mtu mwingine. Wakili hakuwahi kuandika kuwa hataki. Kila alipoketi kuandika, alikuja mtu mwenye hati ya kugongwa muhuri.

Mwezi wa Julai, asubuhi moja, alifika ofisini kijana mwenye ndoo iliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa mjukuu wa bibi. Alisema kuwa sasa anavua, katika mashua ya babu yake mdogo, yule yule aliyeshindwa, na kuwa bibi amemtuma. Ndani ya ndoo alikuwamo kolekole mkubwa wa kilo zisizopungua saba. Kijana aliamkia, akaweka ndoo mlangoni, akaomba arudishiwe ndoo.

Karani alifungua daftari. Alitafuta safu ya mapato, akaona haina mahali pa samaki. Akatafuta safu ya tatu, penye jina la bibi na shilingi 500,000, akauliza apunguze kiasi gani. Wakili alikwenda mpaka mlangoni, akamwangalia samaki, akauliza bei ya kolekole sokoni asubuhi ile. Karani hakuijua. Yule kijana aliijua, akaitaja.

“Usiandike bado,” wakili akasema.

Akamkata samaki vipande viwili, kimoja akampa karani, kingine akakifunga katika gazeti akampa kijana fedha za nauli akipeleke Kivinje kwa mama yake. Mstari wa siku ile uliachwa wazi.